Haiwezi Kufika Nyumbani

Asubuhi ambayo kasuku aligoma kugeuka njiwa, nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Mama alikuwa mkekani anachambua vifungo, watoto wa Dada Mkubwa wamelala kifudifudi sakafuni wakichora kwenye mabaki ya vitambaa, na Dada Mkubwa mwenyewe amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, asije akapitwa na habari za upande wowote. Katikati ya sebule ilikaa mashine ya kutarizi, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Wifi alikuwa mbele ya kompyuta, kidevu mkononi. Jina lake la kuzaliwa halikuwa na kazi tena. Mawifi zake walimwita hivyo kwa sababu kaka yao ndiye aliyemuoa. Siku alipopanda mwenyewe juu ya paa, waya kaubana kwa meno, akaingiza intaneti ndani ya nyumba, mtaa mzima ukalidaka jina. Tangu hapo mtoto akisema anakwenda kwa Wifi, huwezi kujua anamfuata mtu au mtandao.

"Bado ni kasuku," akasema.

"Nani?" Mama akauliza.

"Ndege wa hospitali, Mama. Nimefungua Kabati, namkuta yuleyule wa wiki iliyopita. Mdomo umepinda, macho ya mlevi."

Dada Mkubwa akaingiza ndani ile nusu yake ya nje. "Na Matroni anakuja leo."

"Anakuja asubuhi hii."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Hospitali mpya ya ng'ambo ya barabara ilitaka makoti ya wauguzi wake yote yatariziwe nembo kifuani: njiwa amebeba jani. Sampuli ya kwanza Matroni aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Nilisema njiwa," alisema, "hiki mmeniletea kasuku. Wagonjwa watadhani tunawasema." Akawapa nafasi moja zaidi. Akikuta njiwa kwenye koti, kazi yote ni yao. Asipomkuta, anavuka kwenda duka la vioo, lenye kiyoyozi na mashine zinazojipanga kama askari wa gwaride. Na Dada Mkubwa, ambaye alikuwa amechoka kuiona mashine yao ikilala mchana kutwa chini ya shuka, alishampata mtu wa kuinunua. Mtu huyo alikuwa apige simu siku hiyohiyo.

Mchora ndege alikuwa Kitinda, mdogo wao wa mwisho, anayesomea uuguzi chuo cha mbali. Anachora huko, anaweka faili kwenye folda ya kompyuta yake, na programu inalipeleka lenyewe mpaka folda ya kompyuta ya Wifi. Folda hiyo waliipa jina la Kabati: mmoja anatia nguo upande huu, mwingine anaitoa upande ule. Miezi yote Kabati halikuwahi kuwasumbua.

Wifi akapiga simu. Simu yake ilikuwa imekufa sikio, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo siri zake zote zilikuwa za sebule nzima.

"Kitinda, njiwa yuko wapi?"

"Shikamoo kwanza, wifi. Yuko Kabatini tangu jana."

"Marahaba. Kabati la kwako au la kwangu?"

"Usiniambie hajafika."

"Nakuambia."

"Subiri niangalie." Zikasikika funguo za kompyuta. "Kile kialama cha programu kimekuwa chekundu. Inasema haijaunganishwa. Ah, nimejua. Wiki hii chuo kimebadilisha mtandao, wametubandikia tangazo. Sasa hakuna kinachotoka humu moja kwa moja. Kila kitu lazima kipite kwa wakala."

Mama akaacha vifungo. Akatafuta ndala zake, akatoka bila kuaga.

"Nitumie basi kwa simu," Wifi akasema.

"Simu gani, wifi? Ile kubwa si iliangukia ndoo? Hii ni ya tochi, inajua kupiga na kumulika. Na barua pepe ya chuo ikiona faili la kutarizi inalirudisha, inasema hailijui."

"Basi litie kwenye flashi, ukalitumie kutoka mjini?"

"Geti halifunguliwi mpaka jioni. Nami naingia wodini muda si mrefu. Nikishavaa glovu, hunipati tena."

Wifi akavuta kiti. Kutishika hakukuwa tabia yake. Kitu kikiharibika, yeye alikiona kama jirani aliyenuna: kuna alichoambiwa vibaya, na ukikaa naye vizuri atakisema.

"Usizime. Twende naye polepole."

*

Matroni aliingia kabla hawajafika popote. Alikuwa mwanamke mrefu, viatu vyeupe visivyojua vumbi, mkoba ameubana kwapani. Alikitazama kiti cha plastiki alichopewa, akakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, halafu ndipo akakaa. Wifi aliuona ule mfuto. Uliingia mahali pake ukakaa.

"Karibu, Matroni. Njiwa yuko njiani."

"Njiani wapi? Njiwa huwa wanaruka, mama, hawachelewi."

Dada Mkubwa akacheka kuliko wote, akajisogeza kwenye stuli karibu na mgeni. "Hospitali yenu nasikia imejaa hata kabla ya kufunguliwa rasmi. Na yule daktari wa meno, ni kweli anaogopa damu?"

Matroni alikusudia kutojibu. Ilionekana kabisa kwenye midomo yake. Lakini jambo lenyewe lilikuwa tamu mno kuliacha likae juujuu. "Haogopi damu," akasema taratibu. "Anaogopa watoto."

"Ee? Kisa?"

Wifi akashukuru kimoyomoyo, akageukia simu. "Kitinda, intaneti ya kawaida inafungua hapo ulipo?"

"Inafungua vizuri. Nasoma mpaka habari za watu."

"Kwa hiyo mtandao upo, anayekwama ni Kabati peke yake. Hiyo anwani ya wakala umeiandika kwenye programu?"

"Nimeiandika kama ilivyo kwenye tangazo. Na namba ya mlango pia."

"Mlango upi?" Dada Mkubwa akadakia bila kugeuka. "Mlango si uko wazi? Nimetoka hapo sasa hivi."

"Mlango wa mtandao, dada."

"Sawa. Mimi nilidhani nimefunga mimi. Maana humu kila kitu ni mimi." Akarudi kwa Matroni. "Enhe, watoto. Wanamng'ata?"

Hapo Mama akarudi, anahema, ndala moja mkononi imekatika gidamu. Akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyetumwa na serikali.

"Nimetoka kwa wakala," akasema. "Hajapokea kitu."

"Wakala yupi, Mama?"

"Huyu wa hapo kona, wa kibanda cha pesa. Si mmesema njiwa anapitia kwa wakala? Nimemwambia kuna mzigo wa mtoto wangu umekwama kwake. Ametafuta kwenye simu zake zote, hakuna."

Watoto wakaviringika kwa kicheko. Matroni alikohoa kwenye kitambaa chake. Wifi akasimama, akampokea Mama ile ndala.

"Pole, Mama. Huyu wakala wa chuo ni kompyuta. Inakaa katikati, inapokea vitu vya wanafunzi na kuvipeleka nje."

"Mngesema. Mimi nimemgombeza kijana wa watu bure." Mama akajishusha mkekani. "Na yeye kanijibu jeuri. Eti, mama, mimi simhudumii mtu kwa sura, hata awe mama yangu, mpaka aseme jina lake na namba yake ya siri. Nikamwambia mzigo si wangu. Akasema basi mwenye mzigo aje aseme mwenyewe."

Wifi alikuwa bado ameshika ndala. Akaitazama, akaiweka chini polepole.

"Kitinda. Ukifungua intaneti ya kawaida, huwa inakuuliza jina na neno la siri?"

"Asubuhi mara moja. Inatoa kidirisha, najaza, basi."

"Na programu ya Kabati imewahi kukuuliza?"

"Hapana."

"Basi yenyewe inakwenda kwa wakala na sura tu. Wakala anakujua wewe, haijui programu. Fungua mipangilio. Pale kwenye anwani ya wakala, tangulia na jina lako la chuo, halafu nukta mbili, neno lako la siri, halafu ile a iliyofungiwa kwenye duara, ndipo ufuatishe anwani. Vyote mstari mmoja."

"Mama," Dada Mkubwa akasema, "umemgombeza kijana wa watu kwa faida."

*

Ikaandikwa. Ikahifadhiwa. Sebule nzima ikangoja na Kitinda huko aliko, hata Matroni akajikuta ameinama mbele.

"Kumebadilika," sauti ya Kitinda ikasema. "Sasa haisemi haijaunganishwa. Inasema kizungu chake, halafu... inasema haiwezi kufika nyumbani."

"Nyumbani huku?"

"Ndivyo ilivyoandika. Haiwezi kufika nyumbani."

Maneno hayo yalimwingia Wifi vibaya. Kumbe njiwa ameshavuka geti la chuo, ameshatambulika kwa wakala, na anayemfungia mlango ni yeye Wifi. Akainuka. Akachomoa kile kisanduku cha intaneti ukutani, akakirudisha. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akapanda kiti kuukagua waya pale unapoingilia dirishani, akashuka, akapanda tena. Kila taa ilikuwa ya kijani. Kabati upande wake lilikuwa limekaa wazi, linasubiri, halina kosa.

"Jaribu sasa."

"Vilevile. Haiwezi kufika nyumbani."

"Na sasa?"

"Vilevile, wifi. Wenzangu wameanza kuvaa makoti."

Simu ya Matroni ikalia. Aliipokea palepale kitini, kwa sauti ya kikazi, lakini sebule ni ndogo na kila mtu alimsikia mtu wa upande wa pili: duka la vioo. Wana nafasi leo. Wana chai. Wana njiwa watatu wa kuchagua.

"Nakuja," Matroni akasema, akafunga mkoba. "Nisameheni. Mna moyo, nimeuona. Lakini hospitali haivai moyo."

Wifi alitazama ile shuka iliyokuwa pembeni, ambayo alikuwa ameivua mashine kwa mbwembwe mgeni alipoingia, na akawaza kwamba pengine jioni ataikunja, maana hakutakuwa na cha kufunika.

Aliyezuia ni Dada Mkubwa. Hakusimama hata kusimama. Alisema tu, kama mtu anayezungumza na kucha zake, "Haya, nenda salama. Lakini wanaokuita hao, wamekueleza yaliyompata bibi harusi wa mwezi uliopita?"

Matroni alikuwa ameshafika kizingiti. "Bibi harusi yupi?"

"Basi. Hawakukueleza." Dada Mkubwa akapuliza kucha. "Si kazi yangu."

"Yupi?"

"Waliyemtarizia jina la mwanamume kwenye mtandio. Jina zuri, uzi wa dhahabu, ila mwanamume si yule." Akakigonga kiti cha plastiki kwa kiganja. "Keti nikupe kwa utaratibu, maana ukianzia katikati utamlaumu asiyehusika."

Matroni akarudi, akakaa. Safari hii hakukifuta kiti.

Wifi akavuta pumzi. Alikuwa amepewa urefu wa kisa kimoja, na alimjua wifi yake, kisa kingeweza kurefushwa. Akachukua simu mpaka kwenye pembe ya jikoni, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muwa.

"Kitinda, nisomee hayo maneno kama yalivyo. Herufi kwa herufi. Usinitafsirie."

Kitinda akasoma. Kizungu, kizungu, kizungu, halafu mwishoni: nyumbani.

"Hilo la mwisho limeandikwa hivyohivyo? Nyumbani, kwa Kiswahili?"

"Hivyohivyo."

Wifi akaanza kutabasamu, tabasamu lile la kumkamata mtu anayedai hakuwepo.

"Programu hii haijui Kiswahili," akasema. "Na kompyuta yangu sikuipa jina la Nyumbani, inaitwa Cherehani. Hilo neno halikutoka huku. Limetoka kwako. Umeliandika wapi?"

Huko chuoni kiti kikakwaruza sakafu.

"Kitinda."

"Liko kwenye neno langu la siri."

"Na kabla yake kuna nini?"

"Kuna maneno tu."

"Kuna alama? Ile a ya kwenye duara, uliitia ndani ya neno la siri?"

"Chuo kilituambia neno liwe na alama," Kitinda akasema, sasa kwa sauti ya kujitetea. "Nikatia hiyo."

"Ndiyo hiyo. Programu ikiiona hiyo a, inajua neno la siri limekwisha, kinachofuata ni anwani. Imekata neno lako katikati. Inatafuta wakala anayeitwa Nyumbani tangu saa ile, na hayupo dunia nzima. Nisomee neno zima nione kama hamna kingine kinachokwaza."

"Hapana, wifi."

"Hapana nini?"

"Niko kwenye spika?"

"Simu yangu unaijua."

"Basi siwezi."

Huko sebuleni bibi harusi alikuwa ameachwa madhabahuni akisubiri, kwa sababu Dada Mkubwa, masikio yake yakiwa na kazi zao wenyewe, alikuwa ameshasikia. Akaja mpaka jikoni, akaitwaa simu.

"Kitinda. Mgeni amekaa, nimebakiwa na kisa robo, wewe unaona haya ya neno? Neno la siri lina uchi gani? Soma."

"Dada, mpe wifi simu."

"Soma nikwambie. Herufi moja moja."

Kitinda akavuta pumzi ndefu iliyosikika kwenye spika kama upepo. Akaanza, taratibu, kama anayehesabu vidonge.

"D. A. D. A."

Watoto walikuwa wameufuata mkutano jikoni. Walikuwa katika umri ule wa kusoma kila kibao. "Da-da," wakasema kwa pamoja.

"K. E."

"Ke."

"L. E."

"Le."

"L. E," Kitinda akamalizia, sauti imebaki uzi.

"Dadakelele," watoto wakaunganisha, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu darasani. "Dada Kelele. Mama, ni wewe?"

Mama alikuta kifungo cha kukitazama kwa karibu sana. Sebuleni, Matroni alikuwa amefunika uso mzima kwa kile kitambaa cha kufutia viti, mabega yanamtetemeka. Wifi alimtazama wifi yake mkubwa na, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaogopa kweli; maana akikasirika huyu akaondoka kwenye ile stuli, hakuna mwingine mwenye ulimi wa kumkalisha mgeni.

Dada Mkubwa alikaa kimya muda ambao watu wa nyumba ile hawakuwahi kuusikia.

"Dadakelele, halafu hicho kidude, halafu nyumbani," akasema hatimaye.

"Dada, nisamehe. Nilikuwa nimewakumbuka tu. Huku hosteli kimya kinaniua. Usiku mtu anakohoa, unashukuru."

Dada Mkubwa aliigeuza simu mkononi kama anayetafuta upande wake wa pili. Alipojibu, alijibu kwa sauti ya amri, lakini ilikuwa imepungua makali.

"Kinachokwaza ni kidude?"

"Ni hicho kidude, dada," Wifi akasema.

"Basi kitoe, utie nukta au utie unachotaka. Dadakelele liache lilivyo." Akamrudishia Wifi simu. "Na mfanye upesi. Nimemwacha bibi harusi peke yake."

*

Kitinda alibadili neno la siri kwenye ukurasa wa chuo, akatia kistari pale palipokuwa na kidude, akalirudia kwenye programu. Walisikia akigonga kitufe cha mwisho. Upande wa Wifi, kwenye pembe ya kioo, duara dogo lililokuwa jekundu likawa la njano, likafikiri, likawa la kijani.

"Anakuja," Wifi akasema.

Faili likatua Kabatini. Akalifungua. Njiwa, mdomo umenyooka, kifua kimejaa, jani limeshikwa kwa adabu.

"Amefika, Kitinda."

"Nashukuru. Naitwa wodini. Mwambieni dada..."

"Amesikia. Uko kwenye spika."

Wifi akahamishia njiwa kwenye flashi, flashi kwenye mashine, akatandika koti jeupe kwenye fremu, akalibana mpaka likalia kama ngoma lilipoguswa. Akabonyeza. Mashine ikaunguruma, ikatikisa vikombe kabatini, kabati la kweli la vyombo, ikaanza kushindilia uzi wa buluu. Matroni alisogeza kiti chake mbele akaona bawa likiota.

"Huyu ni njiwa," akasema. Akatazama kidogo zaidi. "Makoti mengine nitamtuma dereva alete leo. Duka la vioo nitawapigia." Kisha, akiinamia stuli ya jirani, kwa sauti ya chini: "Na bibi harusi? Bwana harusi alimvua mtandio au hakumvua?"

"Ngoja kwanza," Dada Mkubwa akasema. Simu yake ilikuwa inalia mfukoni. Aliitoa, akalitazama jina. Wifi pia aliliona, akasimamisha mkono juu ya mashine. Ni yule mnunuzi.

Dada Mkubwa akapokea. Mwanamume wa upande wa pili alikuwa anauliza kitu, anauliza tena, kwa sauti ya kupanda.

"Nani?" Dada Mkubwa akasema. Akasogea mpaka pale sindano inaposhuka, akainyoosha simu juu yake. "Sikusikii, ndugu yangu. Mashine ipi? Hapa hapasikiki kitu. Hapa ni kelele tupu."

Akakata, akairudisha simu mfukoni, akakaa kwenye stuli yake.

"Haya," akamwambia Matroni, "tulikuwa wapi?"